Siku Mzinga Ulipokuwa Mwepesi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ntalikwa tu wazima, bibi yako anapalilia karanga. Unauliza, lifti ya hosteli yenu ikianza kushuka ukajihisi mwepesi, je, kilo zako zimepungua? Swali hilo limenitia baridi.

Nikiwa kijana nilipanda mti kurina asali. Kwetu kamba ya gome huchunwa mbichi siku ile ile. Mimi, kwa uvivu, nilichukua ya mwaka uliotangulia. Nikakaa kwenye kitanzi cha kamba hiyo, mzinga uliojaa asali mapajani, ukanilemea hadi miguu ikafa ganzi. Kaka yangu, aliyeshika ncha ya pili chini ya mti, alipoanza kutushusha, kamba ikakatika.

Ghafla mzinga ukawa mwepesi kama unyoya. Sijawahi kuogopa vile. Asali haikupungua hata tone, wala dunia haikuacha kutuvuta. Ilituvuta pamoja, basi hakuna aliyemlemea mwenzake. Uzito wote ulitusubiri chini. Jinsi ninavyotembea umeona mwenyewe.

Kwa hiyo kilo zako zipo palepale. Mimi mzigo mzito siuogopi hadi leo. Naogopa ule unaoacha kunilemea ghafla. Kama ngazi zipo, mjukuu wangu, shuka kwa miguu.

Babu yako