Usikalie Kiti cha Mashine Ile

Johannesburg, Novemba 2018

Mdogo wangu Serafina,

Mmeamkaje huko Likasi? Mama je, goti linamruhusu kwenda kanisani kwa miguu, au bado anapakiwa kwenye pikipiki huku akimgombeza dereva njia nzima? Na watoto wako, na kile kikohozi cha baba mdogo? Sisi tunaamka, tunakula, tunalala. Sitaandika kwamba hatujambo, kwa maana ungelisoma neno hilo ungeikunja barua ukaenda kusonga bukari, nami nataka uisome mpaka mwisho ukiwa umeketi.

Najua unacheka: yaya Odette, dada mkubwa mzima, na simu yake kubwa, anaandika barua kama watu wa zamani. Nimejaribu kukurekodia sauti. Kila nikianza nafuta, tena ujumbe wa sauti siku hizi unatembea kuliko mwenye sauti mwenyewe. Leo uko kwako, kesho uko kwa watu usiowajua. Hii nampa Mama Kabwe, yule mwuza vitenge anayekuja kununua viatu hapa. Anapanda basi la Kasumbalesa, kule mpakani, na ameniahidi ataifikisha mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Ile sauti yako nimeipata. Ulikuwa unacheka, ukisema mkuu wa shule ametoa jina lako, na siku ya uchaguzi mwezi ujao utaketi kando ya mashine ya kura katika darasa lako mwenyewe, na watu wote wa mtaa watapita mbele yako. Mama nyuma alikuwa akipiga vigelegele. Mimi nilizima cherehani. Baba Daniel aliniuliza kuna nini, nikamwambia uzi umekatika, kwa sababu woga ulionishika ulitokana na yeye, mume wangu, na mambo yaliyompata hapa. Hayo sijakuambia. Nilikuficha ili mama asipandwe na presha. Leo nakwambia.

Unakijua chama chetu cha kuzikana. Sisi watu wa Katanga tulioko upande huu, kuanzia Bertrams mpaka Jeppestown, tunachanga ili mtu akifa asibaki kwenye friji ya watu, arudishwe kwao. Ni chama kidogo, lakini kiti cha rais wake watu wanakigombea kama cha serikali. Tangu tuanze tulipiga kura kwa njia moja. Kila mtu alipewa punje ya mahindi na punje ya maharage. Mahindi ni huyu, maharage ni yule. Unaingia nyuma ya pazia, unatia moja kwenye chungu, nyingine unaitupa kwenye ndoo. Halafu chungu kinamwagwa juu ya kitenge katikati ya ukumbi, wagombea wote wawili wanapiga magoti, wanahesabu pamoja kwa sauti, na sisi tunaitikia. Wakiisha kuhesabu, punje zote zinaoshwa zinatiwa kwenye sufuria pamoja na nyingine nyingi, tunakula, na aliyeshindwa ndiye anayepakuliwa kwanza. Watu walinuna, lakini walinuna wakitafuna.

Mwaka huu Papa Mwepu, aliyekuwa rais, alisema imetosha. Alisema Wakenya wanaofanya kazi kwenye maofisi ya Braamfontein wanatucheka, ati Wakongomani wanachagua viongozi kwa chakula. Akaleta tableti. Ukigusa picha ya unayemtaka, imeisha, mashine inajumlisha yenyewe. Na nani wa kuiandaa? Baba Daniel, kwa kuwa anatengeneza simu na kila mtu anamwamini na simu yake, pamoja na siri zilizomo. Alikubali. Mimi pia nilifurahi, Serafina, sitakudanganya. Nilimpigia pasi shati jeupe.

Tulikutana Jumapili moja ya Septemba baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa pale Bertrams. Picha zilikuwa mbili: Papa Mwepu, na Mama Nkulu anayesuka nywele, yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Watu walipanga mstari. Mambo yalienda vizuri mpaka zamu ya Mama Régine, yule mjane mzee. Mama Régine ana neno na Papa Mwepu, kwa sababu mumewe alipofariki alikaa kwenye friji muda mrefu kabla chama hakijamsafirisha. Basi alipofika mbele ya tableti, akaziona zile picha, hasira ikampanda. Alinyoosha kidole, kama sisi wote tunavyonyoosha tukimshtaki mtu, akasema kwa sauti, "Ni huyu! Njo huyu aliachaka bwana yangu ku morgue!"

Kidole kikagusa kioo. Mashine ikaandika: Asante, kura yako imepokelewa.

Watu walicheka kwanza. Mimi pia. Lakini Mama Régine hakucheka. Alimgeukia Baba Daniel akasema, "Murudishe kura yangu." Baba Daniel akamwambia, mama, haiwezekani, imeingia. "Imeingia wapi? Fungua, utoe." Haifunguki, mama. "Karatashi yake iko wapi?" Haiko karatasi. Yule mama alikaa chini sakafuni akaanza kulia kama aliyefiwa mara ya pili. Hapo kicheko kilikufa. Wengine nao wakaanza: mimi niligusa kwa Mama Nkulu, picha ikatikisika, mimi nilibonyeza mara mbili, sijui ya kwanza ilikwenda kwa nani. Watu waliokuwa wametulia wakawa hawajui tena wamemchagua nani.

Baba Daniel alipobonyeza jumla, Papa Mwepu alikuwa ameshinda kwa mbali. Mama Nkulu alipewa kura chache kuliko ndugu zake mwenyewe waliokuwa ukumbini. Akasimama, akasema, walionichagua inueni mikono. Mikono ikainuka mingi, mingi kuliko ilivyosema mashine. Hapo mume wangu, ambaye ulimi wake huwa mzito siku zote, siku hiyo ukawa mwepesi. Akasema, "Mikono nayo inaweza kudanganya." Labda lilikuwa neno la kweli. Watu hugeuka wakishaona upepo. Lakini lilikuwa neno la kijinga.

Walimzunguka. Watu tunaosali nao, Serafina. Mwanamume niliyemshonea suti ya harusi alimkamata shingoni, shati lile jeupe likachanika bega zima. "Tuonyeshe! Tuonyeshe basi!" Naye alikuwa anarudia neno moja tu, "Niwaonyeshe nini?" Daniel alikuwa ameshika sketi yangu. Unajua mtoto huyu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kizulu, siku hiyo alisema kwa Kiswahili, "Mama, banamuua baba." Mke wa mchungaji ndiye aliyejitupa katikati na mwili wake wote, Mungu amzidishie, akatusukuma mpaka mlango wa nyuma. Tulikimbia mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, tukavuka bila kuzitazama.

Nimewaza sana juu ya siku ile. Kama Baba Daniel angekuwa na zile punje za kuwamwagia, au hata vikaratasi, angesema, haya, hesabuni wenyewe, na hasira yao ingeishia sakafuni kwenye kuhesabu. Zamani nilidhani tunahesabu kwa ajili ya wagombea. Kumbe ni kwa ajili ya yule anayesimamia, apate kwenda nyumbani na shingo yake.

Tangu hapo hatuna raha. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, bila kueleza. Pale spaza, kile kiduka tunaponunua mkate, wenzetu wakituona wanaongea kwa sauti ya chini. Na kuna mtu alipiga simu, namba haikuonekana, akasema kwa Kiswahili chetu kabisa cha nyumbani, "Baba Daniel, ile njia unapitaka tunaijua." Akakata. Katika mji huu tulizoea kuwaogopa watu wasiojua lugha yetu. Tukisikia Kiswahili barabarani, mabega yalikuwa yanashuka. Sasa nikisikia Kiswahili nyuma yangu naharakisha. Eish, Serafina, sijui nikueleze vipi jambo hilo. Ni kama kufungiwa mlango na mama yako.

Lakini hilo silo lililo baya zaidi. Baya zaidi nimelifanya mimi mwenyewe. Juzi tulikuwa tunakula, watoto wameshatoka mezani, nikamwuliza. Mwanamume niliyezaa naye, ambaye akiokota simu ya mtu anapoteza siku nzima kumtafuta mwenyewe. Nikamwuliza, "Baba Daniel, ulifanya kitu kwenye ile mashine?"

Aliacha tonge kwenye sahani. Nilitegemea angefoka. Hakufoka. Alisema, "Mama Daniel, mi nilibonyeza tu pale waliandika jumla. Kama iliiba, sikuona ikiiba. Kama haikuiba, sina cha kukuonyesha. Hata mimi sijui." Akaenda kunawa mikono, akakaa huko kwenye maji muda mrefu. Namwamini. Lakini nimemwuliza, na swali likishatoka halirudi. Naliona machoni pake asubuhi anapofunga viatu.

Sasa elewa kwa nini nilizima cherehani. Chama cha kuzikana, kwa kiti kisicho na mshahara, karibu kiniache mjane. Huko kwenu ni nchi nzima. Vijana wana njaa, askari wako njiani, na kila upande umeshaambiwa kwamba hauwezi kushindwa isipokuwa kwa wizi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndivyo utakavyosema. Sawa, nimetafunwa.

Utasema mashine yenu si kama yetu, kwamba inatoa karatasi na mtu anaitia sandukuni. Vizuri. Mimi sijaiona. Lakini watu wanaotoka huko wanatuletea habari tofauti kila wiki: mmoja anasema karatasi ndizo zitakazohesabiwa, mwingine anasema mashine itatuma hesabu yake yenyewe kabla ya mtu kugusa karatasi, na magunia ya karatasi yatafuata baadaye kama yatafuata. Nimemwuliza Baba Daniel ni lipi la kweli, akasema naye hajaiona. Uliza wewe, kabla ya siku. Uliza mbele ya mashahidi, ujifanye mjinga kama inabidi. Kama watakubali karatasi zimwagwe mezani, zihesabiwe moja moja kwa sauti mbele ya pande zote, na hesabu ibandikwe mlangoni kabla ya kitu kingine chochote, basi keti, Mungu akulinde. Kama watakwambia wewe bonyeza tu, usikae. Usikae hata kidogo. Siku ile hawatamtafuta aliyeitengeneza mashine wala aliyeileta. Wako mbali, wana magari. Watamtafuta mwalimu Serafina, ambaye nyumba yake kila mtu anaijua kwa sababu amewafundisha watoto wao kusoma.

Nakujua lakini. Wewe ukipewa ufunguo wa choo cha shule unalala nao. Utasema, yaya, nimekwisha kubali, jina limeandikwa, mkuu wa shule ataniona mwoga. Kuwa mwoga. Mimi nimekuwa mwoga tangu Septemba na bado napumua.

Msalimie mama, lakini barua usimsomee, mwambie nimesema goti alipake mafuta moto. Msalimie baba mdogo wa kikohozi, na mke wake anayetuombea. Msalimie kaka yetu wa mgodini akipanda juu. Msalimie mama mkwe wako, hata kama hataki. Wabusu watoto, na yule wa mwisho aliyepewa jina langu umwambie shangazi, aa, siyo shangazi, mama yake mkubwa, anamshonea gauni lenye mifuko.

Neno moja limebaki, na hili nimelizungumza na Baba Daniel, amekubali. Ikiwa siku itakaribia, na wamekunyima majibu, na huna njia ya kujitoa, waambie nimekufa. Usiseme naumwa, mgonjwa anangojewa. Sema dada yako amefariki Johannesburg, funga kitambaa kichwani, weka kilio uani, nenda kwa mkuu wa shule machozi yakitoka. Hakuna mtu wa kwetu, hata awe na moyo wa jiwe, anayemkalisha kwenye kiti mtu aliyefiwa. Najua ni mwiko. Najua mtu hatangazi kifo cha aliye hai. Nakupa ruhusa, na laana yoyote iliyomo naichukua mimi. Ila mama umwambie ukweli mapema, polepole, asije akalia kwa kweli. Na wakija wenye kuuliza nimekufa na nini, waambie woga. Hutakuwa umeongopa sana.

Ni mimi yaya wako ambaye siku ninapoandika haya ni mzima,

Odette