Sylvère, Mvumo Wako Kabla ya Wimbo

"Mama Prodige, ile sauti ya asubuhi ni bwana yako anaomba, ama kuna mutu anawasha injini ya boti mu nyumba yenu?"

Ndivyo jirani yetu Khadidja alivyouliza tulipohamia mtaa wa Mutakura. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Tangu hapo akakuita Baba Injini, nawe ukaitika.

Mwaka umezunguka, Sylvère mume wangu, na asubuhi zetu ziko kimya tangu Mungu alipokuita. Khadidja naye hajazoea. Juzi aliniambia uani, "Mi siku hizi nachelewa kuamuka. Injini imezima."

Ulikuwa mbeba mizigo wa bandarini. Mgongo wako uliyajua magunia ya saruji na ya chumvi. Mwenzako akiumia kazini, ulipita kwake kwanza kabla ya kufika kwetu. Chakula kilipoa, mimi nilinuna, nawe ulikila hivyo hivyo ukakisifia.

Jioni za mazoezi ulioga, ukavaa shati jeupe, ukaenda. Katika Shukrani, kundi lenu la waimbaji wanne, wewe ulikuwa sauti ya chini. Kinanda hamkuwa nacho. Kabla ya kila wimbo ulifunga midomo, ukavuma chini, mmm, na wale watatu kila mmoja akachukua sauti yake kutoka kwako. Hata nyumbani, kabla ya kuombea chakula, ulivuma vile vile, na watoto wakaacha ugomvi wao. Hukuwahi kuwapigia kelele.

Tamasha lenu la mwisho lilifanyika kanisani kwetu, kifua kikiwa kimeshakusumbua. Nilikaa benchi la mbele, macho kwako tu. Katika wimbo wa kufunga, pumzi ilikuishia katikati ya ubeti. Ulimshika bega mwenzako wa kundi, Gaspard. Kanisa zima, bila kuambiwa na mtu, likaubeba mstari wako mpaka ulipoweza kurudi kwenye Amina.

Tulipokwisha kukuzika, Gaspard, sauti ya kwanza, rafiki yako tangu ujana, alikuja na rekodi ya tamasha lile kwenye flash.

"Shemeji, tunataka kuitoa hii. Lakini kule ku mwisho sauti ya chini inakosa. Tumepata muimbaji mwingine. Ataimba juu ya ile ya Sylvère, mu nyimbo zote, ili zifanane."

"Zote, kaka Gaspard? Sasa Sylvère atabaki wapi?"

"Mu picha, shemeji. Tutaweka picha yake kubwa."

"Picha ninayo," nikamwambia. "Tupigie kwanza tusikie."

Tukasikiliza. Wimbo wa kufunga ulianza ghafla, kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Na mvumo wake? Uko wapi?"

"Yule wa ku studio aliukata. Anasema ni makelele."

Binti yetu Consolate siku ya tamasha alirekodi kwa simu yake, amekaa ubavuni mwangu. Nikamwambia aiwashe. Mtu akakohoa, benchi likalia, kisha ukavuma wewe, mmm.

Na Gaspard, kwa mazoea ya miaka yote ile, akafungua mdomo akachukua sauti yake. Aliimba nawe hapo sebuleni kwetu, macho amefumba, hadi pale pumzi ilipokuishia. Hapo naye akanyamaza. Tukasikia kanisa likikubeba. Consolate akazima simu.

Jumapili hii, baada ya ibada, rekodi ile itapigwa nzima kanisani. Kilichokatwa kimerudishwa kutoka simu ya Consolate, na pale uliponyamaza hakuna aliyeimba badala yako. Majirani na wenzako wa bandarini, karibuni mtusaidie kumshukuru Mungu.

Pumzika, Baba Prodige. Hakuna siku itakayokutoa mioyoni mwetu, sisi tunaokukumbuka: mimi mkeo Irène; wanao Prodige na Consolate; jirani yako Khadidja; na ndugu yako Gaspard, ambaye, simu ilipozimwa, alijifuta uso, akachukua kofia yake, akaiacha flash mezani kwetu, akatoka.