Mandazi ya Kura za Janefer

Mama Wacuka mpendwa, naomba unishike mkono kabla ya Ijumaa kwa sababu nimekosa usingizi na hapa Kiptere sina wa kumwambia, mimi huuza mandazi karibu na kituo cha majani chai, na juzi baba Janefer aliniambia nikaange beseni nzima ya watoto wa gredi ya nane, nikafurahi nikidhani ni ya kuwapongeza kwa mtihani, kumbe msichana wetu anagombea urais wa wanafunzi na kila aliyekula aliambiwa ampigie kura, na akashinda. Aliyeshindwa ni Chelangat wa jirani, ambaye tangu wakiwa wadogo alikuwa akija jioni kuchuma majani na Janefer kwa shamba letu, huyu mstari huu na yule ule, wakichekeshana mpaka nawaambia wanyamaze wachume, na sasa hajakanyaga hapa tangu kura, na ninavyotamani kusikia kicheko chao siwezi kueleza, jioni natoka nje nasimama tu naangalia ile njia.

Nilimuuliza mume wangu, Sagini, akacheka. "Wacha mtoto ajue siasa mapema. Kwani nani hupigia njaa kura?" Nikamgeukia Janefer mwenyewe, nikamwambia kura hainunuliwi, naye akaniangalia bila hasira akasema, "Lakini Mum, si wewe ulipewa leso kwa ule mkutano wa Kapkatet na ukampigia huyo mheshimiwa? Ulisema ni leso poa." Mama Wacuka, nilikuwa nimejifunga hiyo hiyo leso. Nikarudi jikoni kugeuza mandazi.

Ijumaa anaapishwa, na mzazi ndiye atamvisha beji. Nimeota siku kama hiyo tangu nimzae, mimi ambaye sikufika sekondari, lakini hiyo beji imenunuliwa kwa mandazi yangu. Niende, ama nisingizie ugonjwa?

Mama Janefer, Kiptere

*

Mama Janefer, pole dada yangu, na usithubutu kusingizia ugonjwa. Huo utakuwa uongo mwingine na mtoto atauweka pamoja na ile leso.

Uchungu wako nimeusikia, ila nikugombeze kidogo. Mtoto alikuuliza swali kubwa kuliko yote utakayowahi kuulizwa nyumbani kwako, nawe ukakimbilia karai. Hakuwa anakudharau. Alitaka kujua kama kura ina thamani ama ni maneno ya darasani tu, na ukimya wako ukamjibu. Mwalimu anaweza kufundisha uraia mwaka mzima, kisha baba acheke mara moja mezani, yote yafutike. Halafu tunakaa mbele ya habari za saa moja tukiuliza hawa viongozi walitoka wapi, kana kwamba hatukuwalea sisi. Mimi pia natamani nchi nyingine, natamani hadi inauma, lakini sijui mahali pengine pa kuianzia isipokuwa hapo jikoni kwako na kwangu.

Basi fanya hivi, leo jioni. Mwite Janefer, Sagini akiwa hapo asikie, umwambie uliuza kura yako kwa leso na ulikosea. Usiongeze "lakini". Sagini akinuna, mwache anune. Kesho nendeni kwa mwalimu mkuu, msichana aseme kwa mdomo wake kilichofanyika na aombe kura ipigwe upya. Usimsemee. Mkirudi mpitie kwa kina Chelangat, mikono mitupu, Janefer amwombe msamaha. Huenda Chelangat asirudi shambani kwenu haraka, na hilo si lako kulazimisha.

Na kura ikirudiwa, Janefer anaweza kushindwa. Najua itakuchoma. Ijumaa nenda hata hivyo, vaa vizuri, kaa mbele, na Chelangat akivishwa beji upige makofi kama mama yake. Binti yako atakuwa amekaa na wenzake, na macho yake yatakuwa kwako.

Mama Wacuka