Lita Tisa za Beda

Jumamosi, 12 Juni 1993

Leo nimeoga maji baridi. Songea, mwezi wa sita, maji baridi! Nimetoka bafuni meno yakigongana. Walburga hakunipa pole. Alisema tu: mashine imefungwa, mume wangu, maji ya moto niyatoe wapi?

Mashine ya kusaga ya ushirika wetu hapa Lizaboni imesimama tangu Alhamisi, na aliyeisimamisha ni mimi. Naandika hivi kwa fahari. Waraka wangu wa nne mwaka huu — nakala mia moja kwa stensili — umebandikwa mpaka kwenye mlango wa bucha. Kichwa chake: LITA TISA ZIKO WAPI?

Hoja haina upenyo. Kila siku mashine inapewa lita kumi na mbili za dizeli. Nilisoma mahali nishati iliyomo katika lita moja. Nikasoma nguvu ya injini kwenye kibati chake: kilowati sita. Inasaga saa tano kwa siku. Nikakokotoa nyuma ya pakiti ya sigara: kazi yote hiyo inahitaji lita tatu. Tatu! Tisa zinakwenda wapi? Nikajibu mwenyewe, aya ya mwisho, kwa herufi kubwa: ziko kwenye dumu la Beda.

Beda ndiye mwendesha mashine, miaka kumi na moja sasa. Mwenyekiti Aloyce alimsimamisha siku ileile. Jumapili ya tarehe ishirini, baada ya misa, wanachama wote watakaa kikao. Nitawasomea hesabu, kisha Beda afukuzwe na kupelekwa polisi.

Aloyce ameniomba hesabu iwe ya kisomi. Itakuwa. Nimepinga chama kimoja, nimepinga vyama vingi, na sasa napinga soko huria linalotujazia sabuni za kigeni. Nitashindwa na dizeli?

Jumatatu, 14 Juni

Nimemfuata Dorine, binti wa dada yangu, anafundisha fizikia sekondari. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikamweleza shida: nataka kitabu kitakachomziba mtu mdomo. Akauliza mdomo wa nani. Nikasema wa yeyote.

Amenipa kitabu kinene cha Kiingereza, cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Jalada limeliwa na mende. Kinaitwa themodinamiki, yaani habari za joto na kazi. Amenitilia alama kwenye maswali ya mwanzo: mjomba, fanya haya kumi kwanza, niletee nisahihishe. Mimi! Nisahihishwe na mtoto niliyembeba mgongoni!

Sheria ya kwanza ya kitabu: nishati haiumbwi wala haipotei, hubadilika umbo tu. Nimeruka kwenye kiti. Haipotei! Basi lita tisa hazikupotea. Zimeibwa! Sheria ya kwanza ni mwanachama wa ushirika wetu.

Nimefanya maswali matano bila kunyanyuka. Nimeridhika sana na mwandiko wangu.

Jumanne, 15 Juni

Dorine amerudisha daftari. Limejaa wino mwekundu kama la mtoto wa darasa la tatu.

Swali la pili: gari lenye uzito fulani linakwenda kasi, dereva anakanyaga breki, gari linasimama, nishati ya mwendo imekwenda wapi? Nilijibu kwamba taarifa hazitoshi, dereva ahojiwe. Dorine ameandika pembeni: Mjomba, breki zimepata moto. Gusa rimu.

Swali la nne: injini inapokea kilojuli mia moja za joto, tafuta kazi inayowezekana. Nilijibu mia moja. Akaandika: Injini hii iko mbinguni.

Nimekasirika saa nzima. Kisha nimeenda kwa jirani mwenye pikapu, amerudi kutoka Namtumbo na magunia ya tumbaku. Nikagusa rimu. Nimeungua vidole viwili. Jirani akauliza, mzee Edmund, unatafuta nini humo? Nikasema utafiti.

Walburga amenipaka mafuta bila neno. Halafu amesema neno. Kwa Kingoni. Siliandiki.

Jumatano, 16 Juni

Sheria ya pili.

Nimeisoma mara sita. Inasema hakuna injini inayogeuza joto lote kuwa kazi. Hakuna. Hata iwe mpya, hata isiwe na msuguano, hata iendeshwe na malaika — sehemu ya joto lazima itupwe nje. Lazima! Sheria gani hii ambayo haikupita Bungeni? Nani aliijadili? Nimeandika pembeni mwa ukurasa: UDIKTETA. Kisha nimefuta, kitabu si changu.

Nimeipinga asubuhi nzima. Nimeandika kurasa nne za hoja, nzuri kweli, moja ina kejeli ambayo ningependa kuitumia kwa mkuu wa wilaya. Nikamaliza, nikasoma tena sheria. Ipo palepale. Watu wote niliopingana nao maishani walijibu, walitukana, au angalau walitoka chumbani. Hii inakaa tu.

Swali la tisa. Nalinakili: "Injini ya dizeli ya kilowati sita inafanya kazi saa tano na kutumia lita kumi na mbili za mafuta. Tafuta sehemu ya nishati inayogeuka kuwa kazi, na ueleze kiasi kilichobaki kimekwenda wapi." Hili halimo kitabuni. Mwandiko ni wa Dorine! Amelibandika kwa gundi juu ya swali lenyewe, mtoto mjanja.

Sita, mara tano, mara sekunde za saa moja: kilojuli laki moja na elfu nane. Lita kumi na mbili za dizeli: kilojuli laki nne na thelathini na mbili elfu. Gawanya. Robo. Robo kamili.

Nimefungua kurasa za nyuma, kwenye jedwali la injini halisi. Injini ndogo ya dizeli iliyozeeka kidogo: robo huwa kazi. Iliyobaki hutoka kwa bomba la moshi, huingia kwenye maji ya kupozea, hutawanyika hewani kupitia chuma chenyewe.

Robo ndiyo afya yake. Lita tatu kazi, lita tisa joto. Beda hakuiba hata kijiko.

Ugali umenishinda.

Alhamisi, 17 Juni

Nimejaribu kujiokoa. Labda kibati cha injini kimekosea. Labda dizeli siku hizi imechanganywa na mafuta ya taa. Labda Beda aliiba kidogo tu! Nimekaa nikimtafutia mtu mwema wizi mdogo ili nami niwe na ukweli kidogo. Hivyo ndivyo nilivyo. Najifahamu leo, nina miaka hamsini na mbili.

Nimekwenda kwake. Mke wake, Esteria, alikuwa uani akipepeta. Hakuitikia hodi. Beda akaitikia toka ndani, karibu mzee, akanipa kiti chenye mgongo na yeye akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Adabu ile ilinikata kuliko matusi.

Nilikwenda kuomba radhi. Lakini mdomo wangu, ambao haujawahi kunyamaza mbele ya serikali, ukauliza swali la kiufundi! Nikamwuliza: hivi, maji ya kwenye pipa la kupozea, injini ikishika kasi, hufikia joto la nyuzi ngapi?

Akanitazama. Esteria akaacha kupepeta.

"Mzee," akasema, "maji unayooga wewe kila siku, unaniuliza mimi joto lake?"

Akaendelea taratibu, kama anamweleza mgeni njia. Kwamba pale mashineni kuna utaratibu: anayechota ndoo ya moto kwenye pipa anamimina ndoo ya baridi, injini isichemke. Mama Walburga ni wa kwanza kila siku, mashine ikishakunguruma nusu saa. Ndoo moja ndani, ndoo moja nje. Miaka kumi na moja. Kisha akakunja mkono wa shati, akanionyesha makovu ya bomba la moshi mpaka kwenye kiwiko. Kitabu sijasoma, alisema, lakini moto unapopita naujua. Ungeniuliza tu.

Ungeniuliza tu! Waraka wa kurasa mbili, nakala mia moja, na sikumwuliza.

"Waambie basi Jumapili," Esteria akauambia ungo wake, siyo mimi. "Ulivyojua kuandika, ujue na kusema."

Nikaaga. Radhi bado sijaomba.

Ijumaa, 18 Juni

Ndoo ya Walburga ni lita ishirini. Maji ya bomba siku hizi ni nyuzi ishirini, ya pipani themanini. Hesabu: kilojuli elfu tano na arobaini. Hiyo ni sawa na theluthi moja ya glasi — hapana, nimekosea tena. Lita sifuri nukta kumi na nne. Zaidi ya nusu glasi ya dizeli kila siku. Kwa siku mia tatu za kusaga: lita arobaini na mbili kwa mwaka. Nimezidisha na miaka kumi na moja, kisha nikaweka penseli chini.

Mwizi wa dizeli wa Lizaboni nimempata. Anaoga kila asubuhi akiimba.

Nimekwenda kwa Mwenyekiti Aloyce, bora jambo liishe kimya. Nikamwambia hesabu ina kasoro, waraka uondolewe. Akacheka. Mzee, wewe una unyenyekevu wa wasomi! Watu wameshakariri. Sokoni Beda anaitwa Lita Tisa. Kuna mfanyabiashara anataka kuinunua mashine, na yeye anausoma waraka wako kwa watu, anasema ushirika ni wezi watupu. Tukimfukuza Beda tutaonekana tumejisafisha. Jumapili usome kwa sauti ile yako.

Nikasema, lakini si kweli. Akasema, mzee, si uliandika wewe?

Jumamosi, 19 Juni

Maji baridi. Sikulalamika.

Nimeandika upya hotuba. Rasimu ya kwanza ilianza na Ugiriki ya kale. Walburga akaisikiliza akimenya viazi. Akauliza: Beda anaingia ukurasa wa ngapi? Wa tatu. Akasema, watakuwa wameshampeleka polisi.

Rasimu ya pili ilimlaumu Aloyce kwa kupenda majungu, wizara kwa kutofundisha sayansi vijijini, na soko huria. Yote kweli! Akasema: na wewe uko ukurasa wa ngapi? Nikatafuta. Simo.

"Wewe na ile mashine ni ndugu," akasema. "Kazi kidogo, moshi mwingi. Ila ile angalau inatupa maji ya moto."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

Jumapili, 20 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la mbele, ukumbi wa ushirika. Misa imeisha, watu wamejaa mpaka madirishani. Aloyce anasoma ajenda. Yangu ni ya tatu. Mwalimu wangu Dorine amekaa upande wa wanawake, mikono amefumbata kama msimamizi wa mtihani.

Mfuko wa kulia: waraka wa zamani, sauti ile yangu, herufi kubwa. Nikiusoma watanibeba juu. Mfuko wa kushoto: karatasi moja. Sentensi ya kwanza nimeifuta mara nne. Ya tano ndiyo hii: Dizeli mnayoitafuta nimeioga mimi.

Ni fupi mno. Haina hata mstari wa kejeli.

Walburga ameingia sasa hivi. Kaja na ndoo! Ile ile, ya bati, yenye mpini wa waya. Amepita katikati ya wanaume wote bila kutazama mtu, ameiweka mbele ya miguu yangu, tupu, akaenda kukaa karibu na Esteria. Watu wananong'ona. Aloyce anaitazama ndoo, ananitazama mimi.

Beda yuko mlangoni, kofia magotini. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Ajenda ya pili imepita. Aloyce anasema: tumkaribishe mzee wetu, mtu asiyeogopa kusema, atusomee hesabu ya lita tisa. Makofi. Bado sijafungua mdomo, makofi tayari. Nimeingiza mkono mfuko wa kushoto.

Wote wanapiga. Namtazama Beda, angalau yeye asipige — naye anapiga, polepole, maana wanamwangalia.