Mgeni Rasmi

Mvumi, 3 Agosti 1974

Kaka Kasian,

Shikamoo. Sisi hatujambo kiasi, ila mtoto anakohoa. Nyumba yetu imebomolewa, tumehamishiwa kijiji kipya na mahindi tumeyaacha shambani. Shemeji yako Stefano alikataa kutoka, wakamchukua. Hii ni wiki ya tatu yuko mahabusu. Nakumbuka ulivyowatetea wakata mkonge pale mahakama ya Kilosa mpaka wakaachiwa wote kumi na moja. Njoo umsemee mume wangu pia.

Mdogo wako,
Domina

Dar es Salaam, 29 Agosti 1974

Mdogo wangu Domina,

Marahaba. Mimi mzima, mpe pole mtoto. Uwakili niliuacha nilipoingia bungeni, na ubunge nao sinao tena. Nilihoji habari hizi hizi za kuhamisha watu, nikapewa cheo cha kupokea wageni wa serikali. Navaa suti, nashika mikono, natabasamu. Ila tarehe 14 Septemba naleta wageni Mikumi kutazama tembo, na mkubwa mmoja anayeweza kumtoa Stefano atakuwepo. Nisubiri getini saa nne. Nitakuita mbele yake.

Kaka yako,
Kasian

Mvumi, 17 Septemba 1974

Kaka,

Shikamoo. Nilifika kwa lori, mtoto mgongoni. Ulishuka garini, ukaniona. Yule mkubwa akauliza, "Huyu mama anataka nini?" Nikakusikia ukijibu, "Ni wananchi, mheshimiwa, wamekuja kuwalaki." Basi nikapiga makofi. Nilidhani ndivyo ulivyopanga. Magari yakaingia porini, nikabaki na askari wa geti. Ulimwambia baadaye?

Mdogo wako,
Domina

Dar es Salaam, 2 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Sijui nikujulie vipi hali. Sikumwambia. Wakati wa chakula nilianza, "Mheshimiwa, nina shemeji yangu..." Akasema, "Wakili, bado hujakoma tu?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimeandika ombi la kumtetea Stefano, nimelitia sahihi kwa jina langu. Wanifukuze wakitaka. Mwambie nakuja.

Kaka yako,
Kasian

Mvumi, 20 Oktoba 1974

Kasian,

Stefano alifariki tarehe 28 Septemba, kwa kuhara damu. Barua yako ilikuta tumeshazika. Jana mwenyekiti alitutangazia kuwa kijiji kitazinduliwa mwezi ujao, akamtaja mgeni rasmi. Ni wewe. Tumeagizwa tufagie njia. Kaburi liko nyuma ya ofisi ya kijiji, utaonyeshwa. Mimi sitakuwepo, naenda Masanze na mtoto, kwa mama mkwe wangu.

Domina