Mama mkwe na sushi ya kuchaguliwa

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Mchumba wangu si alitaka mama yake anipende? Basi leo ametupeleka kula sushi, ile ya omakase. Huagizi chochote, mpishi ndiye anayekuamulia. Raha iliyoje.

Tukaletewa samaki mbichi, mwembamba kama karatasi, juu ya kitonge cha wali uliopoa. Mpishi akatusimamia kusubiri sifa.

Mama mkwe akamwambia kwa upole, "Baba, huyu mrudishe jikoni aive."

Mpishi akajibu, "Mama, hapa mteja hachagui."

Mama akaweka vijiti chini. "Baba, mume nilijichagulia mwenyewe, sembuse samaki?"

Sembuse samaki, shoga. Mchumba wangu akainama kama ameangusha kitu chini ya meza. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya mama ambaye tangu tujuane ananiita "yule msichana".

Akanigeukia. Nikajua uchumba umekwisha.

"Mkwe wangu," akasema, "chukua mkoba twende."

Sasa tuko kibandani, tunakula chipsi za moto. Mwanawe amebaki kule, anamalizia sahani zetu zote kwa adabu.