Yule wa Sinema Asiyepewa Jina

Rehema mjukuu wangu,

Salamu kutoka Al Baraha, huku ughaibuni. Sote wazima, na mama yako kapandishwa cheo hotelini kule Al Barsha. Kazaliwa na mimi, angeshindwaje?

Unauliza, kwa masomo yako ya chuo, kama sinema za kale zilikuwa na wapenzi wa jinsia moja. Walikuwemo, mama, ila waliletwa tuwacheke. Siku moja huko Mombasa tulitazama picha ya zamani yenye mwanamume wa madaha. Haikusema wazi, lakini tulielewa. Hata jina hakupewa. Vijana wa viti vya nyuma wakamzomea kaka yangu Athumani, ambaye naye alikuwa hivyo: "Athumani, pacha wako huyo!"

Akainuka aondoke asirudi tena, na sinema ndiyo ilikuwa raha yake pekee. Nikamvuta kanzu, nikawageukia wale: "Nyamazeni! Huyo wa kwenye picha ndiye anayeigiza vizuri kuliko wote. Bila yeye mngekuwa mmelala!" Ukumbi mzima ukawacheka wao. Wewe unadhani ulimi wako umeutoa wapi?

Athumani akaketi mpaka mwisho. Ijumaa iliyofuata alikuwa wa kwanza kukata tiketi, akachagua kiti cha mbele kabisa.

Bibi yako anayejivunia wewe,
Mwanaisha